Mstari Ulionyooka

Baba alifariki kabla ya chai,
birika bado linalia jikoni.
Ilikuwa saa moja na robo kwa saa zetu,
zinazohesabiwa tangu jua lichomoze.
Kule Trondheim simu ya Famau iliandika tano na robo
na nje giza tupu.
Mama akasikia tano na robo,
akadhani huko adhuhuri inakaribia
na mwanawe amekwisha kunywa uji.

Ami Athmani alisimama mlangoni, kanzu kaivaa kwa haraka:
"Famau atakuya saa ngapi?
Tuzike adhuhuri, au tungoje alasiri?"

Nikaandika majina mawili kwenye simu,
Trondheim, Manda,
ikajibu upesi kama mtoto aliyekariri:
kilomita elfu saba mia saba na arobaini,
saa tisa na dakika thelathini na sita.

Ami akahesabu kwa vidole. "Basi magharibi yuko hapa."

Hapana, ami. Huo ni mstari ulionyooka,
uzi wa fundi, umevutwa pembe hadi pembe
kabla hajaweka jiwe hata moja.
Hakuna ndege inayopita juu ya uzi huo.
Ya kwanza itamshusha Amsterdam,
ya pili Nairobi, alfajiri,
kisha teksi hadi kile kiwanja kidogo, kisha kungoja,
kisha Manda, kisha boti, kisha ngazi za gati,
na kabla ya yote hayo tiketi,
ambayo bei yake nilimsikia akiisoma
kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wagonjwa.

Ami akatazama chini.
"Maiti hacheleweshwi, mwanangu."
Najua.

Miaka ishirini na mbili baba alipima mizigo Manda
kwa mizani yenye sindano nyekundu.
Kilo kumi na tano, bwana. Kilo kumi na tano, bibi.
Hakuna aliyeruka bila kupita mbele yake,
naye mwenyewe hakupanda hata ile ndege ndogo ya Malindi.
Siku ya Famau sindano ilisimama kwenye kumi na saba:
halwa, mikate ya mofa,
chupa ya achari ambayo mama aliiviringisha kwa kanga.
Baba aliitazama sindano.
Akamtazama mwanawe.
Akaandika kumi na tano.

Walimzika baada ya alasiri.
Saa hiyo Famau alikuwa hajatoka Trondheim.
Alikuwa kwenye foleni ya ukaguzi, amevua viatu
kama aliyefika mlango wa msikiti,
mshipi mkononi, watu mbele, watu nyuma,
hakuna aliyejua kumpa pole.

Na mimi?
Jeneza lilitoka, kichochoro cha Langoni kikaligeuza kona,
sauti za dhikri zikapungua
kama redio inayohamishwa chumba cha pili.
Kutoka uwani kwetu hadi makaburini si safari,
mtoto hufuata mpira huko akarudi.
Wanawake tulibaki.
Niliketi na simu, ule mstari bado umo kwenye kioo,
ncha moja kwake, ncha moja kwetu,
nikaona kwamba sisi wawili
tuko mbali sawasawa.

Alifika kesho yake, saa saba mchana,
jaketi la baridi begani,
hana begi la kupimwa.
Hakukaa. Hakunywa maji.
Akauliza ni upande gani, karibu na nani,
akaenda, akarudi
na mchanga umeng'ang'ania soksi zake nene.

Akanikuta kizingitini.
Sikuwa nimemuuliza chochote.
"Mia nne na kumi na mbili," akasema.
"Hatua. Nimekuhesabia. Za kwenda."

Za kurudi, alisema,
hesabu ilimpotea.